Moyo Ukielemewa, Je, Simu Yaweza Kuwa Mganga?

Mwezi huu hatutazungumza juu ya malaria wala minyoo, bali juu ya ugonjwa usioonekana kwa hadubini na usio na kipimo cha damu. Ni ugonjwa wa moyo kuelemewa na mawazo. Tutaangalia hasa jinsi watu wengi walivyotafuta msaada kwa njia ya simu na mtandao wakati wa janga la UVIKO-19, ambalo wengi wetu tuliliita Korona: kitu gani kiliwafaa, kitu gani kiliwadhuru, na sisi tuliobaki tujifunze nini kabla janga jingine halijabisha hodi.

Tuanze na kisa kilichotokea hapa kwetu. Mwenye kisa ameturuhusu kukisimulia, ila tumeficha jina lake na mambo mengine ambayo yangemtambulisha.

MAMA MWALIMU

Mwezi wa Mei 2020 alifika katika idara yetu ya wagonjwa wa nje mama mmoja, mwalimu wa chekechea katika shule ya binafsi, mwenye watoto watatu. Shule nchini Tanzania zilikuwa zimefungwa tangu tarehe 17 Machi, na mwenye shule alikwisha kuwaambia walimu wake kuwa ada haziingii, kwa hiyo mishahara hakuna. Mume wake ni dereva wa lori la mizigo. Siku hizo madereva walikuwa wakikwama mipakani siku nyingi wakisubiri majibu ya vipimo, na yeye alikuwa mmoja wao.

Mama huyo alilalamika kuwa kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio, usingizi umemkimbia, na mwili wote umekwisha nguvu. Tulimpima malaria, hakuwa nayo. Tulimpima shinikizo la damu, lilikuwa sawa. Tukampa panadol na vidonge vya vitamini, tukamwambia, "Mama, nenda kapumzike, punguza mawazo." Kusema kweli, siku zile hata sisi tulikuwa tumechoka. Tulikuwa wachache, tumefunga barakoa za vitambaa tulizojishonea wenyewe, na tulimwogopa kila aliyekohoa. Lakini hayo hayatoshi kututetea. Hakuna hata mmoja wetu aliyevuta kiti akamwuliza, "Mawazo gani hayo, mama?"

Alirudi nyumbani na vidonge vyake. Usiku, watoto wakisha kulala, akawa anashika simu. Katika kundi la WhatsApp la walimu wenzake mtu alikuwa amepitisha tangazo la "mshauri wa mambo ya akili" anayehudumia watu kwa ujumbe wa simu, usiku na mchana. Mama Mwalimu akamwandikia. Alijibiwa upesi, tena kwa maneno matamu, na usiku ule alipata usingizi kidogo. Siku ya tatu mshauri aliomba shilingi 20,000 za "kufungua faili". Mama akazituma; zilikuwa fedha za unga. Wiki iliyofuata akaombwa picha. Baada ya picha akaombwa shilingi 100,000, la sivyo yote aliyoyaandika, pamoja na picha hizo, yangepelekwa kwa mume wake na kwa kundi zima la walimu.

Hapo mzigo ukawa mara mbili. Usiku mmoja wa Juni alimwandikia rafiki yake, waliyesoma naye chuo cha ualimu, maneno machache tu: "Wanangu wakikua waambie niliwapenda." Rafiki huyo anaishi mbali. Hakumjibu kwa maandishi, bali alipiga. Simu haikupokelewa. Akapiga tena na tena mpaka ikapokelewa. Akamwuliza waziwazi, "Dada, unataka kujiua?" Akajibiwa, "Ndiyo."

Basi hakuikata simu ile. Aliendelea kuzungumza naye, huku kwa simu ya mume wake akimtafuta mama mmoja jirani, kiongozi wa jumuiya, ambaye namba yake alikuwa nayo tangu siku za harusi. Mama huyo aliamka, akajitanda khanga, akaenda kugonga mlango saa 8 za usiku. Asubuhi wote wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi letu. Safari hii tulivuta kiti.

Mpenzi msomaji, simu ni ile ile moja. Kwa simu hiyo mama huyu aliibiwa na kutishwa, na kwa simu hiyo hiyo aliokolewa. Kwa hiyo anayesema kwamba mtandao wote ni uovu amekosea, na anayesema kwamba mtandao watosha kuwa daktari amekosea pia.

UGONJWA WENYEWE NI NINI?

Kila mtu hupata huzuni na hofu. Ukifiwa utalia, ukipoteza kazi utakosa usingizi, na hayo si ugonjwa. Huzuni ya kawaida hupanda na kushuka, na mtu akipata faraja hucheka tena. Lakini ipo huzuni ambayo haishuki. Wataalamu wanaiita sonona. Yafaa kuishuku ikiwa dalili kadhaa kati ya hizi zimemshika mtu karibu kila siku kwa muda wa wiki 2 au zaidi:

– huzuni au utupu usiomtoka, au kukosa raha ya mambo aliyoyapenda;
– kukosa usingizi, au kulala kupita kiasi;
– kukosa hamu ya chakula, au kula kupita kawaida yake;
– kuchoka bila kufanya kazi;
– kushindwa kukaza akili kwenye kazi au mazungumzo;
– kujiona hafai, au kujilaumu kwa mambo yasiyo makosa yake;
– kuwaza kifo mara kwa mara.

Ndugu yake sonona ni wasiwasi uliozidi: moyo kwenda mbio, jasho, pumzi kubana, na hofu ya jambo baya ambalo mtu mwenyewe hawezi kulitaja. Mara nyingi magonjwa haya mawili hutembea pamoja.

Tuangalie pia jambo moja la kwetu. Wagonjwa wetu wengi hawaji wakisema "nina huzuni". Wanasema kichwa, mgongo, tumbo linaunguza, moyo unapiga. Hawasemi uongo, kwani mwili hubeba kile ambacho mdomo umeshindwa kukitoa. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuzunguka zahanati 3 akipewa dawa za malaria asiyo nayo.

Wapo wanaosema kuwa mtu wa namna hii amelogwa, na wapo wanaosema imani yake imepungua. Sisi tunajibu hivi: mtu mwenye sala nyingi akiumwa na mbu hupata malaria. Hali kadhalika mtu mwema, mchapakazi na mwenye imani anaweza kupata sonona. Sala ina nafasi yake, na matibabu yana nafasi yake. Usimnyang'anye mgonjwa lolote kati ya hayo mawili.

JANGA LILIONGEZA NINI?

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 11 Machi 2020 kuwa UVIKO-19 ni janga la dunia nzima. Miaka miwili baadaye, Machi 2022, shirika hilo lilieleza kwamba katika mwaka wa kwanza wa janga watu wenye sonona na wasiwasi uliozidi waliongezeka duniani kwa asilimia 25. Walioumia zaidi walikuwa vijana na wanawake.

Sababu zake si ngumu kuzielewa. Watu waliogopa kufa na kuwaambukiza wazazi wao. Wengi walipoteza kazi na biashara. Katika nchi nyingi wagonjwa walikata roho bila ndugu pembeni, na maziko yakafanywa na watu wachache, hata waliobaki wakakosa matanga ya kuwafariji. Watoto walikaa nyumbani miezi mingi. Wanawake waliokuwa wakipigwa walijikuta wamefungiwa ndani na mpigaji. Na sisi watumishi wa afya tulirudi nyumbani tukivua viatu nje, tukiogopa kuwashika watoto wetu.

Wakati shida ilipozidi, ndipo na milango ya msaada ilipofungwa. Shirika la Afya Duniani lilizihoji nchi 130 kati ya Juni na Agosti 2020. Katika asilimia 93 ya nchi hizo huduma muhimu za afya ya akili zilikuwa zimevurugika au kusimama. Vikundi vya ushauri havikukutana. Wodi nyingine za magonjwa ya akili ziligeuzwa za wagonjwa wa UVIKO-19. Mgonjwa aliyezoea kuchukua dawa kila mwezi aliogopa kupanda basi.

KWA NINI WATU WALIKIMBILIA SIMU?

Uchunguzi huo huo ulionyesha kuwa nchi 7 kati ya 10 zilianza kutoa ushauri kwa simu au kwa video badala ya ana kwa ana. Lakini hapo hapo tofauti ya tajiri na maskini ilijitokeza. Katika nchi tajiri zilizofanya hivyo zilikuwa zaidi ya asilimia 80. Katika nchi maskini hazikufika nusu. Vifaa, umeme na kifurushi cha mtandao si vitu vya kila nyumba.

Hata hivyo kuna mfano wa hapa hapa Afrika unaotufundisha mengi. Katika mji wa Harare, Zimbabwe, daktari wa magonjwa ya akili aitwaye Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa wake, msichana mmoja aliyejiua. Familia yake ilikuwa imetaka kumleta hospitali, lakini haikuwa na nauli, kama dola 15 hivi. Daktari huyo alitambua kuwa haina maana kukaa hospitalini ukingoja watu wasioweza kukufikia. Mwaka 2006, katika kata ya Mbare, aliwafundisha bibi 14 namna ya kuwasikiliza wagonjwa na kuwasaidia kutatua matatizo yao, wakiwa wamekaa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Huduma hiyo ikaitwa Benchi la Urafiki.

Bibi hao hawakutumia maneno makubwa ya vitabuni. Walitumia neno la Kishona, *kufungisisa*, yaani kufikiri kupita kiasi. Msikilizaji wa Kiswahili ataona jinsi lilivyo karibu na "mawazo" yetu. Kwanza bibi humfungua mgonjwa ayataje matatizo yake yote. Pili humsaidia kuchagua moja tu la kuanza nalo. Tatu wanapanga pamoja hatua ndogo inayowezekana wiki ile, na mgonjwa hurudi kueleza imekwendaje. Matokeo yalichapishwa Desemba 2016, baada ya kuwafuatilia watu 573. Baada ya miezi 6, waliobaki na dalili za sonona kati ya wale waliokaa na bibi walikuwa asilimia 14 hivi. Kati ya wale waliopata huduma ya kawaida walikuwa karibu nusu.

Janga lilipofika, watu hawakuweza kukaa benchi moja. Huduma hiyo ikahamia kwenye simu na WhatsApp. Benchi liliondoka, bibi akabaki. Hapo tunajifunza kuwa kinachoponya ni mtu aliyefundishwa, anayesikiliza, na anayekuuliza wiki ijayo imekwendaje. Simu ni nauli tu ya kumfikia.

MEMA YA MSAADA WA MTANDAONI

1. Hufupisha njia. Mgonjwa wa kijijini humfikia mtaalamu wa mkoani bila nauli na bila kukosa siku ya shamba.

2. Huficha uso. Watu wengi huona aibu kuonekana kwenye kliniki ya "vichaa". Kijana wa kiume hasa huona heri aandike kuliko kusema.

3. Hupatikana usiku. Mawazo mazito huja usiku, na zahanati hufungwa jioni.

4. Unafaa kitabibu. Uchunguzi mwingi umeonyesha kuwa kwa sonona na wasiwasi usio mkali sana, matibabu ya mazungumzo kwa njia ya mtandao hufanya kazi vizuri, hasa pale ambapo yupo mtaalamu anayemwongoza mgonjwa badala ya kumwacha asome peke yake.

Wala usidhani lazima uwe na simu kubwa ya gharama. Simu ya kitochi inayopokea sauti yatosha. Sauti ya mtu mara nyingi ina nguvu kuliko maandishi, maana pumzi husikika na kilio husikika.

MABAYA YAKE

La kwanza ni matapeli, kama yule aliyemnasa Mama Mwalimu. Mtu aliyekata tamaa ni windo rahisi. Mtandaoni kila mtu anaweza kujiita daktari, mshauri, au nabii wa uponyaji.

La pili ni siri kuvuja. Hata kampuni zinazojulikana zimeanguka hapa. Oktoba 2020, katikati ya janga, ilifahamika nchini Finland kuwa mwizi alikuwa ameiba kumbukumbu za wagonjwa wa Vastaamo, kampuni ya matibabu ya akili. Maelfu ya wagonjwa waliandikiwa mmoja mmoja walipe, la sivyo yale waliyoyasema kwa siri mbele ya mtaalamu yangeanikwa. Mwaka 2021 kampuni hiyo ilifilisika. Na mwaka 2023 serikali ya Marekani iliibana BetterHelp, kampuni kubwa ya ushauri wa mtandaoni, ikubali kulipa dola milioni 7.8, kwa madai kwamba ilipeleka habari za wateja wake kwa kampuni za matangazo baada ya kuwaahidi siri.

La tatu ni kujitibu. Mtu husoma dalili, akajipa jina la ugonjwa, akaenda duka la dawa kutafuta dawa za usingizi. Dawa za sonona zipo na zinasaidia, lakini huchukua wiki 2 hadi 4 au zaidi kabla ya kuonyesha nafuu, na hazifai kuanzwa wala kuachwa ghafla bila mganga. Dawa nyingine za usingizi humfanya mtu awe mtumwa wake.

La nne ni habari nyingi mno. Katika janga, wengi walishinda na kukesha wakitazama idadi ya waliokufa na ujumbe wa kutisha. Huko hawakupata msaada, bali waliongeza kuni motoni.

La tano ni jipya. Siku hizi zipo programu za kompyuta zinazojibu kama binadamu, na vijana wengi huziambia siri zao. Zaweza kumpa mtu maelezo mazuri, lakini haziwezi kumkagua, zaweza kukosea kwa maneno ya uhakika, na saa 8 za usiku haziwezi kujitanda khanga na kuja kugonga mlango.

KABLA HUJAMFUNGULIA MTU MOYO WAKO MTANDAONI

Tunashauri ufuate mambo haya:

1. Uliza jina lake kamili, anafanya kazi hospitali gani au shirika gani, na amesomea nini. Kisha piga simu kwenye taasisi hiyo, kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, uhakikishe. Mshauri wa kweli hakasiriki akiulizwa.

2. Fahamu gharama mapema. Anayeongeza malipo kila mara kwa vitisho au kwa haraka, mkimbie.

3. Usitume picha za mwili wako, namba ya siri ya simu, wala ya benki. Hakuna matibabu ya mawazo yanayohitaji vitu hivyo.

4. Tafuta mahali pa faragha. Ikiwa nyumba ina watu wengi, nenda chini ya mti, au uombe chumba kwenye kituo cha afya. Ikiwa simu inatumiwa na familia nzima, futa maandishi yako ukimaliza.

5. Usieleze mambo ya ndani kwenye kundi la watu wengi. Kundi ni baraza. Siri ya baraza haikai.

6. Jipime baada ya wiki chache. Kama hakuna nafuu, au unazidi kudidimia, nenda hospitali ana kwa ana.

7. Ukitapeliwa au kutishwa, usilipe na usione aibu. Acha kujibu, tunza ujumbe wote, mwambie mtu mmoja unayemwamini, kisha toa taarifa polisi. Tanzania tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu mwaka 2015.

Kuhusu namba za kupiga: nchini Tanzania namba 116 ni ya kusaidia watoto, na 199 ni ya Wizara ya Afya kwa maswali ya afya, zote mbili ni bila malipo. Nchini Kenya, Shirika la Msalaba Mwekundu hutoa ushauri kwa namba 1199, na watoto wanayo 116 vile vile.

MTU AKISEMA ANATAKA KUFA

Hapa maandishi ya simu hayatoshi. Fanya kama alivyofanya rafiki wa Mama Mwalimu.

Uliza waziwazi. Wengi wanaogopa kuwa wakitaja kujiua watamtia mtu wazo. Sivyo. Anayeulizwa kwa upendo hupata nafasi ya kutua mzigo.

Usimkemee, usimwambie "wenzako wana shida kuliko wewe". Msikilize.

Usimwache peke yake. Ikiwa uko mbali, kaa naye kwenye simu huku ukimtafuta aliye karibu.

Ondoeni nyumbani, au fungieni mbali, sumu za panya, dawa za mashamba na vidonge vingi vya hospitali. Wazo la kujiua mara nyingi ni kama wimbi. Likipita bila mtu kupata kitu cha kujidhuru, uhai umepona.

Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kwa miaka mingi wengine waliogopa kuja kwa sababu sheria tulizoachiwa na wakoloni zilihesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kuwa kifungu hicho kinapingana na Katiba. Sisi wauguzi, akifika mtu wa namna hiyo, tunamwona ni mgonjwa, na kazi yetu ni kumtibu.

Na wewe unayesoma ukurasa huu moyo ukikudunda usiku, anza na jambo dogo. Kaa, kanyaga chini kwa nyayo zote mbili. Toa pumzi polepole mpaka iishe, kisha iache iingie yenyewe. Fanya hivyo mara kadhaa. Taja vitu vitano unavyoviona chumbani. Dhoruba haitakwisha kwa hayo, lakini utakuwa umeshika mti wakati upepo unapita. Asubuhi, mtafute mtu.

MAMA MWALIMU ALIPONAJE?

Hospitali yetu haina daktari wa magonjwa ya akili. Tulimpigia mtaalamu wa hospitali ya mkoa, mbali na hapa, akakubali kuzungumza na mgonjwa kwa simu kila Alhamisi. Tulimpa Mama Mwalimu ofisi ya muuguzi mkuu, tukaweka simu mezani, tukafunga mlango. Mmoja wetu alikaa naye dakika za mwanzo, kisha akatoka.

Waliorodhesha matatizo yake: fedha, yule tapeli, usingizi, mume. Wakaanza na tapeli, maana ndiye aliyekuwa akimnyima pumzi. Aliacha kumjibu, akapeleka ujumbe wote polisi, na namba ile haikupatikana tena. Wiki iliyofuata wakaenda kwenye fedha. Jirani yake yule yule alimkopesha mtaji mdogo, akaanza kuuza maandazi asubuhi. Shule zilifunguliwa tarehe 29 Juni 2020, akarudi darasani taratibu. Alhamisi zake zilikuwa 8.

Mume alirudi kutoka mpakani mwezi wa Julai. Mama mwenyewe ndiye aliyemweleza, sisi tukiwapo kwa ombi lake. Yule baba alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mama watoto, mbona hukuniambia?" Naye akamjibu, "Ningekuambia nini, baba watoto? Kila ukipiga ulisema una njaa na umelala chini ya lori." Ndipo tulipojua kuwa naye huko mpakani alikuwa haoni usingizi. Tulimpangia Alhamisi zake.

TUJIANDAE

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kuwa UVIKO-19 si dharura ya dunia tena. Lakini milipuko haijaisha. Wenzetu wa Kagera walipata Marburg Machi 2023, na tena Januari 2025 kule Biharamulo. Kila mlipuko huleta na hofu yake, upweke wake na misiba yake.

Kwa hiyo hapa hospitalini tumeweka utaratibu. Kila mgonjwa mwenye kichwa, moyo na usingizi, ambaye vipimo havionyeshi kitu, anaulizwa maswali mawili: "Katika wiki 2 zilizopita umekosa raha ya mambo unayoyapenda? Umekuwa na huzuni au kukata tamaa?" Akijibu ndiyo, anavutiwa kiti. Orodha ya wataalamu wa mkoa na namba zao imebandikwa ukutani, na simu ya ofisi ina vocha.

Nawe, msomaji, andika leo namba mbili kwenye karatasi: ya mtu ambaye utampigia moyo ukielemewa, na ya jirani anayeweza kufika kwake, au kwako, usiku. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Usiyafiche. Na ukipokea ujumbe wa ajabu kutoka kwa rafiki, usijibu kwa maandishi. Piga.

Tukutane tena mwezi ujao, tukiwa wazima.